Fundi Saa na Shingo ya Mwanawe

Huyo ni Fundi Saa, mwana wa Fundi Viatu, mjukuu wa yule aliyejing'oa jino kwa kitasa cha mlango, na ndiye aliyefika kumwoa binti yangu wageni wakiwa wameshakula. Akifikiri hukunja midomo, na kila kitu hukitia sikioni kwanza: saa, redio, hata yai. Daktari alituambia tezi ya shingo ya mjukuu wangu imezembea, ndiyo maana hakui na anasinzia darasani, basi ameze kidonge kila siku. Mkwe wangu akamwinamia mtoto, akatega sikio shingoni. "Inajivuta tu. Tuipe muda." Kabla ya kidonge, akataka na tezi za juu ya figo zipimwe; zikapimwa, zikakutwa nzima. Bado midomo kaikunja! Binti yangu akachoka. "Baba mtoto, saa ya mteja ikichelewa, huwa unaipa muda?" Mjukuu wangu, aliyekuwa anasinzia, akaangua kicheko. Fundi akavua kioo chake cha jichoni, akanikabidhi chupa ya vidonge kwa mikono miwili. "Mama, kimoja alfajiri, kabla ya chai. Nakuomba wewe, maana saa za humu ndani hakuna hata moja inayosema kweli."