Simu ya Ishirini

Nilipomaliza masomo ya jioni ya ufundi wa simu, Kisumu nzima ilitetemeka, hata viboko walijua. Kiwanda kimoja cha samaki kikaniahidi kazi, mradi nithibitishe kwamba simu zake ishirini zinaweza kuunganishwa na kutumika pamoja bila kuzimika.

Nikaamuru kila ofisi iinue simu, kila mtu ajisifu kwa zamu, kama pakruok, yale majigambo ya sherehe za Waluo. Mama Atieno wa mizani akajiita malkia wa samaki mbuta. Mimi nikanguruma, “Ndimi ubongo wa kiwanda hiki. Meneja hata kupiga simu hajui.”

Wakacheka sana. Nikahesabu sauti: kumi na tisa.

“Ya ishirini imekufa,” nikatangaza.

“Haijakufa, Bwana Ubongo,” akajibu meneja. “Nangoja zamu yangu ya kujisifu.”