Likizo ya Nairobi na Migomba ya Anti Njeri

Enzi zile, ukiwa mtoto wa Mwika, kwetu Kilimanjaro, ukasema unakwenda nje ya nchi, hakuna aliyekuuliza nchi gani. Ilikuwa Nairobi, basi. Mimi nilikwenda nikiwa darasa la tano, na mwezi mzima kabla ya safari nilitembea shuleni kama mtu aliyekwisha kurudi. Nilimwambia kila mwenye masikio kwamba kaka yake mama, mjomba Prosper, ana nyumba ya ghorofa, magari mawili na wafanyakazi wanne. Wenzangu wakauliza wafanyakazi wanne wa nini, kwani ana ng'ombe wangapi? Nikasema hana hata mmoja. Hapo hakuna aliyeniamini tena.

Mnakumbuka tulivyolelewa. Ukungu ungali umelala juu ya migomba, unaamshwa, unashika mundu, unakwenda kukata majani ya ng'ombe, unarudi na mzigo kichwani umelowa mpaka shingoni, unafagia uwanja, ndipo unapata uji. Vijana wa leo wanaamshwa na simu, wanaizima, wanalala tena, halafu wanalalamika kwamba wamechoka. Mama aliponisindikiza stendi alinipa wosia mmoja tu: "Ukifika kwa watu usijifanye mgeni. Unakula kwao, fanya kazi zao." Nikaitikia.

Jamani, nyumba ile! Maji ya moto yalitoka ukutani. Siku ya kwanza nilioga mara tatu. Friji nilikuwa naifungua nione taa ikiwaka, naifunga, naifungua tena. Nilipewa kitanda cha peke yangu, mimi ambaye nyumbani tulilala wasichana watatu na hata kujigeuza kulikuwa kwa makubaliano. Mezani kulikuwa na kengele ndogo ya shaba. Anti Njeri, mke wa mjomba, Mkenya wa kucha nyekundu, akiitikisa tu, mpishi anatokea. Mimi kwetu mtoto akisikia mkubwa anaita anakwenda, kwa hiyo kengele ilipolia nilikurupuka kukimbilia jikoni, tukagongana mlangoni, mpishi na supu yake, mimi na heshima zangu. Mpishi huyo, Mzee Mutua, nilimwamkia shikamoo kila asubuhi. Mwanzoni alitazama nyuma kuona naamkia nani. Alipozoea kuitikia marahaba, minofu mikubwa yote ilihamia sahani yangu.

Tatizo lilikuwa wosia wa mama. Nikishika ufagio, dada wa usafi ananipokonya. Nikishika sahani, Mzee Mutua anasema nitamfukuzisha kazi. Ilipofika Jumamosi viganja vilikuwa vinaniwasha.

Sasa, nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba. Ilikuwa imesongamana, machipukizi yamepandana, majani makavu yananing'inia. Kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani, kikiwa hivyo watu huuliza kama mwenyewe amefariki. Nikamhurumia mjomba, mtoto wa Mwika mzima, aibu iliyoje. Kulipoanza kupambazuka, nyumba nzima ikiwa imelala, nilichukua panga kwenye banda la mtunza bustani nikaingia kazini. Kila shina niliacha migomba mitatu, mama, mtoto na mjukuu, kama baba alivyonifundisha. Vikonyo vyekundu, yale maua ya ncha ya mkungu, nikavikata vyote, maana ndizi zake zilikuwa nyembamba kama vidole vya mtoto nikajua ni ugonjwa. Nikakatakata magogo, nikayatandaza chini yawe mbolea. Kisha nikarudisha panga, nikaosha miguu, nikapanda ghorofani kusubiri kusifiwa.

Kumbe ile ilikuwa migomba ya mapambo. Anti alikuwa ameilea miaka minne kwa ajili ya vile vikonyo vyekundu, na mchana ule ule marafiki zake walikuwa wanakuja kunywa chai katikati yake.

Kutoka dirishani nilimsikia akimhoji Kioko, mtunza bustani, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia getini.

"Panga ni yako, na bado iko na utomvu. Nani mwingine alikata maua zangu?"

"Madam, mimi hata sijafungua maji."

"Chukua vitu zako uende."

Kioko alikuwa na watoto wanne huko Machakos. Niliwajua wote kwa majina, maana alinisimulia habari zao kila jioni akimwagilia. Nilimwona akiingia bandani akatoka na mkoba. Nitasema kweli: nilifikiria kunyamaza. Hakuna ambaye angemuuliza mgeni. Nikiungama nitapakiwa basi siku hiyo hiyo, na shule nzima itajua. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kushuka ngazi.

Nikamwambia anti ni mimi. Alinitazama mikono yangu myembamba, kisha akamgeukia Kioko akamuuliza kama sasa anafundisha watoto kumdanganyia.

Ndipo nikakumbuka isale. Ninyi wa kwetu mnajua. Ni mmea tunaopanda mipakani, na mtu aliyekosa sana hupeleka jani lake kwa aliyemkosea, na anayelipokea hawezi kukataa kusamehe. Nilimwona babu akimsamehe hivyo jirani aliyekuwa hasemi naye tangu mama hajaolewa. Nairobi isale lilikuwa barazani, kwenye chungu kikubwa, anti amelipanda kama ua. Nikalivunja kileleni.

"Na sasa anamalizia za kwenye chungu," anti akasema nyuma yangu, kwa upole wa kutisha.

Mjomba, ambaye ndiye angelielewa, alikuwa mezani na gazeti lake. Nikapiga magoti, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Akaweka kikombe chini. Alilitazama lile jani muda mrefu, akasimama, akalipokea kwa mikono miwili naye, akaniuliza kwa Kichagga nimefundishwa na nani. Nikasema babu.

"Unajiombea wewe?"

"Namwombea Kioko, mjomba. Hajakosa. Migomba nimepogoa mimi, na nimeacha mitatu mitatu."

Akatoka na ndala zake mpaka bustanini, sote nyuma yake. Akazunguka shina kwa shina akihesabu. Halafu akacheka mpaka akashikilia mgomba.

"Njeri, kazi hii Kioko haijui. Hii ni ya kwetu kabisa." Akamwonyesha jani. "Na hili likishafika mkononi mwangu, nimekwisha. Nikikataa, mlimani sina pa kurudi."

"Kwa hivyo kwenu mtu akiharibu kila kitu, analeta majani?"

"Ndiyo."

"Nimeolewa na watu wa ajabu." Akamgeukia mtunza bustani. "Kioko, weka mkoba chini. Nimekukosea."

Mchana wageni waliambiwa bustani imepangwa upya na mtaalamu kutoka Tanzania, na mtaalamu akazungushwa kusalimia kila meza. Nilikula sambusa saba.

Leo ninayo stashahada yangu ya hoteli, niliyoisomea ng'ambo kwa jasho langu mwenyewe, nikarudi na kujenga nyumba ya wageni Bomang'ombe ambayo hata wasionipenda huleta wageni wao. Nina wafanyakazi sita. Walio vijana kati yao wakikosa wananitumia kwenye simu picha ya mikono iliyounganishwa, na kabla sijaijibu wameshaweka nyingine wanacheza muziki. Ninasamehe, nifanyeje? Wananiita bosi, na jina hilo sikupewa bure.

Ila asubuhi niliyoondoka Nairobi, Kioko alifunga maji, akajifuta mikono kwenye suruali, akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima. "Safari njema, dada," akasema. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tangu hapo nimeitwa majina mengi makubwa, na hakuna hata moja nililolibeba kama lile, mpaka Mwika bila kulala njiani, nikiogopa litanitoka.