Deni la Pole

"Pole zenu hizo, zichukueni mwende nazo!"

Ndivyo mume wangu alivyomfokea dada yangu mlangoni, dada na mfuko wa machungwa bado mkononi. Kosa lake? Kasema, "Pole, shemeji."

"Huyu ana wazimu," dada akaninong'oneza.

"Hana. Kaa umenye machungwa."

Jeshini, mume wangu alikuwa fundi wa magari. Mlipuko wa barabarani ulimrudisha na kichwa kinachouma, mgongo unaouma, na neno moja lililogoma: asante. Matusi yanatoka laini kama mafuta. Lakini mpe pole, atalitafuta lile jibu mpaka jasho limtoke, kisha apandwe na hasira. Akafunga karakana ya baiskeli aliyoifungua aliporudi, maana kila mteja alikuja na pole yake. Nikaanza kuogopa kuwa hatoki tena kitandani.

Hospitali wakatupa mwanasaikolojia, binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Nikajisemea, huyu atamweza simba wangu? Hakumpa pole. Alisema, "Fundi, kiti changu kinalia kama paka. Hebu kitazame."

Mume wangu akaomba bisibisi, akainama, akakaza.

"Asante," binti akasema.

"Haya," akajibu, kama mtu asiye na shida duniani.

Baadaye binti akanigeukia. "Mama, neno halijafa. Likikimbizwa linajificha. Akipewa pole, aweke mkono kifuani, inatosha. Na apumzike kabla maumivu hayajamwangusha, si baada."

Nikatii, mimi nisiyetii mtu. Wateja niliwaambia mwenyewe: mkono kifuani ndiyo asante yake, asiyeridhika apeleke baiskeli yake kwingine. Hakuna aliyepeleka. Karakana inafunguliwa asubuhi, mchana analala. Kichwa bado kinamsumbua, na sufuria ikianguka anaruka. Lakini anatoka, anachafuka grisi, ananichafulia mashuka. Namshukuru Mungu, na miwani ile.

Juzi birika likaniunguza kidole.

"Pole, mama watoto."

Nilikuwa nalitukana birika, sikujibu. Akanitazama, akaanza kucheka.

"Unadaiwa."

Nikafungua mdomo huu wangu usiokosa neno. Asante ikajificha. Nikaweka mkono kifuani.

"Umelipa," akasema, akaenda kuniletea maji baridi.