Mtetemo Chini ya Sifuri

Mdogo wangu alirudi nyumbani kwetu Nakwa, Babati, siku chache baada ya Pasaka, mkononi begi la nguo, kifuani kompyuta ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Begi nilimpokea. Kompyuta hakunipa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Sijakonda. Wewe ndiye umenenepa kwa mafuta ya watu."

Nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti kule Maisaka, kwa hiyo utani ule nilikuwa nimeuzoea. Lakini hakucheka baada ya kuutoa, nami nikajua kuna jambo.

Alikuwa anasomea shahada ya pili. Udongo aliokuwa akiuchunguza ulitoka kwenye shamba letu la mbaazi nyuma ya nyumba. Mimi ndiye niliyemshikia mfuko siku anauchota. Alitaka kujua chuma kilichomo kimekaaje, maana alisema chuma hicho hung'ang'ania mbolea isifike kwenye mizizi. Kiasi kidogo cha udongo kilipelekwa nje ya nchi, kwenye mashine kubwa inayotoa eksirei. Chuma humeza eksirei hizo, na namna kinavyozimeza huchora mstari wenye mawimbi. Ukiyasoma vizuri yale mawimbi, unajua kila atomu ya chuma ina majirani wangapi, wako umbali gani, na wanatetemeka kiasi gani.

Kuyasoma ndiko kulikomshinda. Jumatatu alitakiwa kumwonyesha mwalimu wake majibu yanayoaminika. Akishindwa, sura ya tasnifu yake inayohusu udongo wetu ingeondolewa, na bila sura ile kazi isingetosha kumpa shahada. Kupima upya hakukuwezekana. Zamu kwenye mashine ile alipewa mara moja tu.

Jumamosi mchana nilimkuta mezani, ugali umepoa pembeni. Nikachungulia. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mmoja mweusi na mmoja mwekundu, imelaliana vizuri kabisa.

"Si imekaa hiyo?" nikamwambia.

"Ndiyo ubaya wake, kaka. Mweusi ni data. Mwekundu ni mfano wangu, yaani hesabu ya ninavyodhani atomu zimekaa; programu imeuvutavuta mpaka ukalala juu ya data. Kwa macho umekaa. Sasa soma namba." Akaweka kidole. "Huu ni mtetemo wa atomu. Uko chini ya sifuri."

"Maana yake?"

"Maana yake majirani wametulia kupita kutulia. Hakuna kitu kama hicho duniani. Na nishati ya kuanzia, pale chuma kinapoanza kumeza eksirei, imehama mbali mno. Mwalimu akiona hapa ataniuliza kama nilikuwa nimelala."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naweza kuufunga huu mtetemo kwenye namba nzuri niliyoichagua mwenyewe. Programu inaruhusu. Namba nyingine zitajipanga zenyewe na hakuna atakayejua."

Mimi niliachia shule kidato cha pili. Ningemwambia nini kuhusu atomu? Nikavuta kigoda nikakaa.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Wazazi wetu walifariki miaka ile mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, Babati ikajaa wageni na ofisi mpya. Tulibaki watoto wanne, mimi mkubwa. Nilipata kibarua cha kubeba tofali za majengo hayo mapya, na nyumbani vitu vilipotea kila siku: ufunguo wa kufuli, sweta la shule, jembe. Kuwachapa sikuweza. Kununua kingine hatukuweza. Basi aliyepoteza nilimkalisha chini, nikamwambia, "Anza asubuhi." Alipaswa kusimulia siku yake tangu kuamka, bila kuruka. Na kulikuwa na sheria moja: ukisema "kama kawaida," unarudi mwanzo. Nilikuwa nimegundua kuwa kitu kilichopotea hulala hapo hapo, kwenye "kama kawaida." Mtu anasema, "Nikaenda kisimani kama kawaida," kumbe siku hiyo alipitia kwa rafiki yake, na sweta liko kwenye ua wa watu.

Nikamwambia, "Anza asubuhi."

Akanitazama. "Kaka, hili si sweta."

"Najua. Anza."

Akaguna, lakini akaanza, nadhani kwa kunionea huruma. Alinisimulia jinsi alivyopokea data, alivyoisafisha, alivyokata kipande cha mstari wa mawimbi na kwa nini alikata pale. Sikuelewa hata robo. Nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu.

"...halafu nikafungua faili la mfano kama kawaida, nikaweka umbali wa..."

"Rudi."

"Aa, kaka!"

"Rudi mwanzo."

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike. "Haya, mzee wa sheria. Data ilikuja. Nikaisafisha. Nikakata kipande. Nikafungua faili la mfano. Sikulitengeneza jipya, nililichukua lile la mazoezi, la kemikali ya dukani tuliyopima kwanza. Nikabadilisha jina. Nikabadilisha umbali. Nikaacha..."

Akainama karibu na kioo.

"Ukaacha nini?"

"Majirani wanne." Akajishika kichwa. "Mle kwenye kemikali chuma kina oksijeni nne. Kwenye udongo wetu zinatakiwa kuwa sita. Nimeipigilia nne tangu siku ya kwanza, nimesahau kama iko pale. Sasa masikini mtetemo ungefanya nini? Mawimbi ni makubwa, majirani ni wachache, ikabidi watulie kupita kiasi ili watoshe."

Akaanza kugonga vitufe. Mfano alioujenga upya haukulala vizuri kama ule wa kwanza. Mwekundu ulipishana kidogo na mweusi upande wa mwisho. Nikadhani ameharibu. Lakini mtetemo ulipanda juu ya sifuri na nishati ikarudi karibu na mahali pake. Zile atomu za mbali zaidi bado zilitoa namba za ajabu, akaziondoa, akaandika kwamba data haitoshi kuzisema. Kisha akala ule ugali wa baridi wote, na wa kwangu.

Jumanne alinipigia nikiwa kazini. Nikatoka nje ya kelele za mashine.

"Sura imebaki, kaka! Mwalimu aliniuliza mfano wangu nimeuanzaje. Nusura niseme kama kawaida."

Tukacheka mpaka mwenye mashine akanichungulia.

"Na wewe?" akaniuliza. "Unaendeleaje?"

"Niko tu. Kama kawaida."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Rudi," akasema. "Anza asubuhi."

Nikataka kumwambia kwamba salio litaisha, kwamba niko kazini. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu kabla ya Pasaka na sikuwa nimemwambia mtu. Nikakaa juu ya gunia la mashudu ya alizeti, nikaanza na kuamka.