Roboti Iliyotembezwa Mipaka

Aminiel, fundi wa kamera za ulinzi pale Daraja Mbili, hana mke wala mtoto. Ana roboti tatu. Ya kwanza hufagia sebule na kila siku hukwama chini ya kochi, ikaanza kulalamika kwa Kichina mpaka yeye atambae kwenda kuikomboa. Ya pili ni mbwa wa plastiki anayetikisa mkia ukimpigia makofi. Mbwa wa jirani walimnusa mara moja, mmoja akamkojolea, wakaenda zao. Ya tatu ndiyo kipenzi chake: mlingoti mrefu wenye magurudumu, na juu yake kamera na kioo kinachoonyesha uso wa Aminiel popote alipo. Ukimtembelea, chai utaisubiri sana, kwanza usikilize mhadhara.

"Miaka kumi ijayo," atakwambia, "mtu hatakuwa na haja ya kutoka nyumbani."

Yeye ameshaanza.

Mama yake, Anande, anakaa mlimani juu ya Kikatiti, kwenye migomba na kahawa alizoachiwa na marehemu mumewe. Mwaka huu magoti yamemgomea, akaamua kukabidhi shamba kwa Aminiel. Katika ukoo wao karatasi peke yake haitoshi. Anayepewa hutembezwa mipaka mbele ya wazee, akakanyaga kila kona penye sale, ule mmea wa mpakani. Asiyekanyaga hajapewa kitu.

Jumamosi iliyopangwa Aminiel alikuwa mzima wa afya na hana kazi yoyote. Lakini aliona hii ndiyo nafasi ya kuwafumbua macho washamba. Akampigia dada yake Tabitha, anayeuza mboga Kwa Mrombo, aipandishe roboti mlimani.

"Wewe utabeba tu," alimwambia. "Kushiriki nitashiriki mwenyewe."

Tabitha, ambaye kila Jumapili ndiye humkanda mama magoti na kupalilia ile kahawa, alisema sawa. Akaipakata kwenye daladala mpaka Kikatiti, kisha akaitwika begani, akapanda nayo.

"Shikamoo mama. Shikamooni wazee," roboti ilisema ilipotuliwa uani.

"Marahaba," Anande alijibu, akiizunguka taratibu. "Nikuletee maziwa, mwanangu?"

"Nimeshakunywa chai, mama. Niko hapa nyumbani."

"Kumbe uko nyumbani," alisema baba yao mdogo, mzee Eliya, aliyekuwa anaongoza shughuli. "Haya, twendeni."

Mvua ilikuwa imenyesha. Hatua kumi kutoka uani magurudumu yalizama kwenye tope, yakawa yanazunguka na kuwarushia wazee matope kwenye suruali za kanisani. Tabitha akainyanyua. Kwenye mfereji akaivusha akiwa ameikumbatia, maji yakimfika magotini. Akaifikisha kona ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na kila kona Aminiel alitangaza kwa sauti ya mkutano, "Nimeiona." Kwenye kochi lake huko Daraja Mbili alikuwa amevaa kandambili, anapiga picha za kioo cha simu yake awarushie marafiki. Alijisikia mtu mkubwa sana.

Waliporudi uani, mzee Eliya aliwageukia wenzake.

"Kwenye kona zote nne mmeona nyayo za nani?"

Wazee walinong'onezana kidogo kwa Kimeru. Jibu halikuwa gumu.

"Za Tabitha."

"Basi aliyekanyaga ni Tabitha. Shamba ni lake."

Aminiel aliruka kutoka kwenye kochi. "Baba mdogo, mimi si nipo? Si mnaniona?"

"Tunakuona," alisema mzee Eliya. "Hata msoma taarifa ya habari namwona kila jioni, na sijampa shamba."

Aminiel akamgeukia mama yake, yaani aliizungusha roboti mpaka ikamtazama. Anande hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Tangu asubuhi nilikuwa naangalia njia," alisema. "Nikajua utakuja tu, maana ni shamba la baba yako. Nilikuwa nimekupikia."

Manyunyu yalianza kudondoka. Anande, asiyependa kuona kitu cha mtu kinaharibika, aliokota gunia, akaifunika roboti vizuri mpaka chini. Kwenye simu ya Aminiel pakabaki giza, na sauti ya mama yake ikimwita Tabitha aje anawe mikono, ile sahani ya kaka yake isipoe bure.