Maswali Tisa Niliyoyakariri

Kwa miaka mitatu niliidanganya kliniki, na nilidanganya vizuri. Nakaa Maramba, lakini dawa za kufubaza virusi nazifuata Tanga mjini, nisije nikapanga foleni moja na jirani. Kila nikienda naulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: unalala? Unakula? Unajiona umeshindwa maisha? Nilihakikisha sina kosa hata moja, kama mtihani. Niliogopa kwamba nikikiri lolote nitaondolewa kwenye utaratibu wa kupewa dawa za miezi sita kwa mkupuo, nianze safari za kila mwezi, na mama mwenye nyumba aanze kuuliza naenda wapi.

Ukweli ni kwamba silali. Nashona magauni, ufundi niliojifunza peke yangu kwa kufumua mitumba. Mshono ukipinda kidogo naufumua, nashona, nafumua tena mpaka sindano inanichoma. Halafu naiogopa damu yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita muuguzi, mama wa makamo, alinisomea maswali. Baada ya la nane akavua miwani aifute.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini, mwanangu? Sijauliza."

"La tisa."

"Kumbe unalijua. Linasemaje?"

Linauliza kama umewahi kuwaza ni heri ufe. Nilianza kulisema, nikaishia njiani.

Akaweka kalamu chini. "Haya, nijibu kama mtu ambaye hakulisomea."

"Nikisema ndiyo, mtaninyima dawa za miezi sita?"

"Daktari atataka kukuona mara kwa mara."

"Anione. Lakini virusi vimefubaa, sijaruka kidonge hata kimoja. Naumwa mawazo, sijafanya kosa. Msiniadhibu kwa kusema kweli."

"Unanigombeza mimi?" Akacheka. "Basi shikamoo."

"Marahaba," nikamjibu, machozi yananitoka. "Andika ndiyo. Na la tatu futa, silali. La sita pia, najiona nimeshindwa maisha."

Aliingia kwa daktari na karatasi yangu. Alirudi na dawa za miezi mitatu, na mshauri alikuwa ananisubiri chumba cha pili.

"Nusu," nikasema.

"Nusu," akakubali.

Nikazipokea. Nikamwambia nikirudi nitaidai ile nusu nyingine, na majibu yangu yatakuwa haya haya ya kweli, hata foleni nzima ikisikia. Kisha nikaenda kugonga mlango wa mshauri.