Vidonge vya Fundi Fanuel

Fanuel Mwakio alikuwa fundi cherehani pale Mwatate, mtu wa kaptura za shule na sare za kwaya. Alijulikana kwa haki. Kitambaa chako kikibaki hata upana wa kiganja, alikurudishia kimekunjwa vizuri.

Mwaka 1986 alishikwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimtoka mgongoni yakapita ubavuni, hata shati likawa adui. Akashona kifua wazi, na akina mama wa kwaya wakaacha kuja kupimwa.

Wiki hiyo hiyo Mama Mable, jirani yake muuza mandazi, akatokewa na ugonjwa huo huo begani. Wakaenda zahanati pamoja, wakamkuta Daktari Ndunge, mwanamke kijana aliyekuja na dawa ya kujaribiwa.

"Ugonjwa huu unaletwa na virusi," akawaeleza. "Siku zote tumekuwa tukipaka dawa juu ya ngozi tu. Hii huenda ikavizuia virusi vyenyewe visizaane. Lakini bado tunajaribu. Wengine watapata dawa, wengine vidonge vya unga vinavyofanana nayo. Nani kapata nini, hata mimi sijui."

Fanuel alimtazama kwa huruma. "Hawakukuandikia mahali, daktari?"

Wakakubali, wakatia sahihi, kila mmoja akapewa chupa yenye namba. Vidonge vitano kwa siku, siku saba.

"Mama Mable," Fanuel alisema njiani, "huenda mmoja wetu amebeba unga."

"Basi ni mimi. Bahati yangu naijua."

Maneno hayo yalimnyima Fanuel hamu ya chakula. Alasiri akaenda kwa jirani na chupa yake. Wakamimina vidonge vyote kwenye sinia ya mandazi, wakavichanganya vizuri, kisha wakagawana kimoja kimoja mpaka vikaisha.

Malengelenge yakakauka, ingawa ubavu wa Fanuel uliendelea kumchoma. Daktari aliporudi akawapima na kuandika, uso umemchangamka, mpaka Fanuel alipomweleza walivyomsaidia.

"Tuligawana sawasawa, daktari. Hakuna aliyepunjwa."

Daktari Ndunge aliweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena, akapiga mstari juu ya majina yao mawili, na kuuliza kama kuna mandazi ya moto.

Miezi ilipita. Siku moja daktari alisimama kibandani kwa Fanuel akielekea Taveta, Mama Mable naye akaja kusalimia. Siri ya namba za chupa imefunguliwa, alisema, na dawa inaleta matumaini. Waliokunywa ile ya kweli walipona siku kadhaa mapema kuliko wenzao.

"Sisi tuliona wenyewe," Fanuel akasema.

"Nyinyi? Chupa zenu zote mbili zilikuwa za unga."

Mama Mable alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Fanuel hakucheka. Aliweka mkasi chini, akafikiri.

"Huo unga, daktari," akauliza, "unauzwa wapi?"